Tangu Numbi Alipoacha Kututumia Ziwa

Monga, Kyungu, na wewe Ngoie: kila mmoja wenu ameniuliza kwa namna yake yaliyonipata huko. Monga aliuliza kwa haraka ya watu wa Lubumbashi, akitaka jibu kabla swali halijakamilika. Kyungu aliuliza tena na tena, akidhani mtandao wa Kalemie umeumeza ujumbe wake. Ngoie hakuuliza, kutoka Liège, Ubelgiji, alituma sentensi moja tu, kwamba ameshaketi na anasubiri. Nami sasa nimeketi. Nitaifuata njia kipande kwa kipande kama nilivyoipita, nikiacha nje tiketi na mihuri, kwa kuwa mambo hayo hayakumfurahisha hata aliyeigonga mihuri yenyewe. Na kwa kuwa najua mtawasomea watoto wenu, nitataja hata yale ambayo ninyi mnayajua tayari.

Kamina

Tulikuwa watano katika darasa la Kilatini hapa Kamina, na maisha yakatutawanya. Numbi alifundisha jiografia kwa muda, kisha akairudia Sanga, kwenye ziwa Kisale la baba zake, akawa mvuvi. Kila Jumapili alitutumia ziwa. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hilo: alfajiri aliinyoosha simu juu ya maji, akarekodi bila kutamka neno, na sisi, kila mtu mahali pake, tukasikia upondo ukichoma matope, vyura, mabawa, na ule mchakacho mwembamba wa mafunjo yanaposuguana. Ngoie alilisikiliza jikoni akimenya viazi. Mimi nililisikiliza kitandani, kwa kuwa usingizi ulikuwa umekwisha kuniacha mkono.

Kisha ziwa likanyamaza. Jumapili ilipita bila kitu, ikafuata nyingine, mpaka mvua zikaanza. Simu ya Numbi haikuita. Mkewe, Mama Kalumba, alipatikana mara moja tu, akasema, "Iko, tata. Iko," yaani yupo, baba, halafu laini ikakatika. Mlinitaka niende kwa sababu ndimi niliye karibu.

Hamkujua hali yangu, na sikuwa nimewaeleza. Tangu nilipoacha kufundisha nilikuwa nimejifungia na kamusi yangu ya Kiluba katika chumba ambacho madirisha yake hayakufunguliwa, nikiogopa upepo usichanganye karatasi. Asubuhi moja niliandika maana ya neno la Kiluba la umande, nikaiandika vizuri, kisha nikatambua kwamba sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliukanyaga. Hata hivyo sikuondoka kwa ajili ya umande. Niliondoka kwa ajili ya Numbi, nikibeba swali moja: je, yu hai, na kama yu hai, bado anatutaka?

Kamina hadi Bukama, kwa treni

Katika behewa niliketishwa na mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamuru, Mama Bokungu, mzaliwa wa mkoa wa Ekwatea, mke wa sajini wa kambi ya jeshi ambayo sote tunaiita Base. Alikuwa anakwenda Bukama kununua samaki wa moshi. Alilitazama shati langu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, akasikiliza salamu yangu, akawasukuma watu wawili.

"Padri, kaa hapa, ku dirisha."

"Mama, mimi si padri. Nilikuwa mwalimu."

"Mapadri yote banasemaka vile kama beko mu konje."

Nilimweleza kwamba sikuwa na likizo wala daraja takatifu. Alinipigia makofi mawili ya heshima na kuwanong'oneza jirani zake. Kabla hatujafika mbali, behewa zima lilikuwa limeacha kuvuta sigara.

Kabla ya kituo cha Luena, katikati ya msitu wa miombo, mashine ilitoa pumzi ndefu ikasimama. Hakuna aliyelalamika. Watu walishuka na masufuria, vitenge na watoto, kwa utulivu wa watu wanaorudi nyumbani, na kwa muda mfupi kando ya reli palikuwa na kijiji. Mimi nilibaki ndani na kitabu. Nilisoma ukurasa uleule mpaka herufi zikapoteza maana, kisha harufu ikaingia dirishani: udongo uliolowa kwa mvua ya kwanza, majani ya zamani, na juu yake kitu kama unga mbichi. Nilikijua kitu hicho. Nilishuka.

Uyoga ulikuwa umechomoza chini ya miti, mpana kama sahani, wa rangi ya kaki, ukiwa umeinua majani makavu kichwani kama mtu aliyeamka na shuka lake. Nilipiga magoti. Jina lake la Kiluba nilikuwa nimeliandikia aya nzima, lakini kidole changu hakikuwa kimeugusa tangu mama yangu aliponiongoza msituni. Shina lake lilikuwa baridi na lilikataa kidogo kung'oka, kisha likakubali. Sikumbuki nilikaa hapo kiasi gani. Nakumbuka mwanga ukishuka katikati ya majani machanga mekundu, na nikiwa sifikirii neno lolote.

Mama Bokungu alikuja nyuma yangu.

"Padri, hii haiue?"

"Haiui, mama."

"Kweli-kweli?"

"Nimeandika juu yake."

"Kuandika haiko kula. Kwetu tuko na ingine. Utakula weye wa kwanza, shiye tutakuangalia."

Ulipikwa kwa chumvi na mawese katika sufuria ya mtu asiyejulikana. Nilikula mbele ya behewa zima, wakinitazama kama wanavyotazama fundi anayepanda nguzo ya umeme. Niliporudia kijiko cha pili bila kuanguka, sufuria ikafunikwa na mikono.

Jua lilipokuwa linainama, dereva mwenyewe alikuja, kofia mkononi, mafuta mpaka kwenye nyusi. "Padri," alisema, "minyi nilifanya yote. Inabakia ya kwako."

Nilimtazama Mama Bokungu. Alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani na kuwapigisha watu magoti. Kukataa kungekuwa hotuba ndefu, na nilikuwa na uyoga wao tumboni. Nilisema Baba Yetu kwa Kilatini, polepole, kwa kuwa ni sala ambayo siogopi kuikosea. Sikuwa nimefika kwenye makosa na kusamehewa, mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma. Watoto walikimbilia milango. Mama Bokungu aliinuka, akakung'uta magoti, akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Haiko padri, eh?"

Tuliagana Bukama asubuhi iliyofuata. Alinitafutia boti, akanichagulia mahali pa kukaa, akamwagiza nahodha anitunze. "Uyu njo mwenye alifufua treni," alimwambia. Nilikuwa nimechoka kukanusha.

Lualaba

Boti lilikuwa la mbao, refu, lenye mota nyuma, na lilikuwa limepakia chumvi, mbuzi, baiskeli zilizofungwa juu ya paa, na kabati la nguo ambalo mwenye nalo alikaa ndani yake kukimbia jua. Mto ulikuwa umejaa na haukuwa na haraka. Kila upande ukuta wa mafunjo uliinuka na kujifunga, ukafunguka, ukajifunga tena, hata nikaacha kujua kama ni sisi tunaopita au ni ukingo unaopitishwa mbele yetu. Mbingu ilikuwa juu na mbingu ilikuwa chini. Nililala nikiwa nimeketi, mchana kweupe, usingizi wa mtoto. Nilipoamka nilikuwa nimeegemea mbuzi, naye hakuwa amesogea.

Mahali fulani tulisimama. Kipande cha ardhi, chenye mafunjo yake na korongo wawili, kilikuwa kimekatika kutoka kwenye kinamasi na kuziba njia. Kilielea na kuzunguka taratibu, na korongo walikuwa juu yake kama abiria waliolipa. Vijana waliinua mapanga, lakini nahodha akawazuia.

"Tungoje. Iko na njia yake, na shiye tuko na ya yetu."

Alizima mota. Nikasikia. Mchakacho wa mafunjo, vyura, upondo wa mtu asiyeonekana: ilikuwa ni Jumapili za Numbi, zote kwa pamoja, bila simu katikati. Nilihisi kama mtu aliyezoea picha ya nyumba, kisha akajikuta amesimama mlangoni.

Karibu yangu mzee mmoja, mfanyabiashara wa samaki wa moshi, alikuwa anatafuna. Aliniuliza, "Unaenda kwa nani, tata?"

"Kwa Numbi wa Sanga."

"Numbi mwenye kusemeshaka bandege mu simu?"

"Huyohuyo. Ni rafiki yangu."

Aliacha kutafuna. Alitazama maji, akatazama kapu lake, akatoa kambale mzuri kuliko wote na kuniwekea kwenye kiganja.

"Siku mingi haionekane ku soko," alisema. Kisha, kwa upole ambao sikuupenda: "Kula samaki, tata."

Akalifunika kapu lake, akanigeuzia mgongo.

Sanga

Sanga ni kijiji ambacho walio hai wanakaa juu ya wafu. Watu wanaochimba shimo la choo hukutana na vyungu, na kando ya vyungu mifupa ya watu wa kale waliozikwa wakiwa wamezungukwa na bakuli zao, kana kwamba waliandaliwa mlo wa njia ndefu. Hili wote pale wanalijua na hawalizungumzii. Nami nisingelitaja, kama lisingehusika na mambo yaliyonipata mchana ule.

Mama Kalumba alinipokea uani. Alipiga magoti na kupiga makofi taratibu, kama inavyostahili. "Eyo vidye," alisema, salamu ya heshima ya Kiluba, na uso wake haukunieleza kitu. Nilipewa kiti, nikapewa maji ya kunawa. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakakaa ukutani bila maneno. Kabange, mdogo wake Mama Kalumba, alikuja na nyavu begani, akaziweka chini, akakaa pia. Kisha zililetwa bakuli zilizofunikwa: bukari, yaani ugali, kambale wa mchuzi, matembele. Zilipangwa kunizunguka.

"Mama Kalumba," nilisema, "Numbi yuko wapi?"

"Kula mbele, tata."

Hapa ni lazima nifafanue kwa ajili ya watoto wenu waliozaliwa mbali. Kwetu, msafiri hapewi habari nzito akiwa na njaa. Atanawa, atakula, atapumzisha miguu, ndipo mwenye nyumba atafungua kinywa. Habari ikiwa nyepesi, mtu huipigia kelele tangu njiani. Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Niliijua desturi, na kwa kuijua nikawa nimekwisha kupata jibu: ukimya wa majirani, kambale wa bure kwenye boti, "iko, iko" ya kwenye simu. Nilizitazama bakuli zilizonizunguka na kuwafikiria wale waliolala chini ya miguu yangu na bakuli zao.

Nilishika tonge, likabaki mkononi.

Basi tukakwama. Wao hawakuweza kusema mpaka nile. Mimi sikuweza kula kwa sababu ya kile watakachosema. Jua lilihama kutoka kizingitini mpaka katikati ya ua. Kuku aliingia, akatutazama, akatoka.

"Tata," alisema Kabange kwa adabu, "bukari inapola."

Ndipo nilipofanya jambo lisilofanywa. "Numbi alikufa?"

Wanawake walifunika vinywa. Mama Kalumba aliinua uso, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa anakaribia kukasirika.

"Tata, weye iko muluba ao weye iko muzungu? Ku mulango ya bantu njo kunauliziwa vile? Kula!"

Nilikula. Nilikula kama mwanafunzi anayekunywa kwinini, tonge baada ya tonge, na wote wakahesabu kwa macho. Mama Kalumba hakuridhika mpaka samaki alipobaki miiba. Akaondoa bakuli, akanimwagia maji mikononi, akakaa chini, akapanga kitenge chake magotini.

"Numbi iko muzima," alisema.

Sikumbuki nilifanya nini. Kabange anadai nilisema "asante" kwa Kifaransa mara nyingi, nikimwambia kuku.

Kisha alinieleza. Numbi alipatwa na homa. Homa ilimwacha hai, ikaondoka na masikio yake. Hasikii radi, hasikii mtoto akilia. Alipoinuka kitandani alihamia kwenye kisiwa chake cha uvuvi, kile cha mafunjo kinachoelea, na upepo wa mvua za kwanza ukakikata na kukipeleka ng'ambo ya ziwa, ambako mtandao haufiki. Hakukirudisha. Na alikuwa amewakataza wote kulitaja jambo hilo kwenye simu.

"Alisema: hapana kubaambia mu simu. Kama beko barafiki, mumoja atakuya. Kama muntu hakuyake, basi, njo itaisha vile."

"Na nimekuja."

"Ulikuya," alikubali. Kisha akaongeza, "Kama ungekula mbio, ungeisha kujua tangu saa ile."

Kisale

Asubuhi Kabange alinipeleka kwa mtumbwi. Anwani ya Numbi ilikuwa ni upepo. Tulipita kwenye visiwa vya wavuvi wengine, kila kimoja na kibanda chake cha mafunjo na moto wake juu ya kigae cha udongo, na kila mahali Kabange alipaza sauti kuuliza, na kila mahali mkono ulinyooshwa upande mwingine. "Jana ilikuwa kule." "Juzi ilipitaka hapa, tulisalimianaka." Nilichovya vidole majini na kuviacha humo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na visiwa vilitoka ndani yake na kurudi, kama mawazo ya mtu anayesinzia. Furukombe alilia mahali pasipoonekana. Ningeridhika kutafuta hivyo siku nyingi.

Numbi alikuwa ametupa mgongo, akishona wavu. Amekonda, mvi zimemfika mpaka nyusini. Nilipoweka mguu kwenye kisiwa chake, ardhi ilizama kidogo chini yangu na mtetemo ukaenda mbele, kama mkunjo unaopita kwenye shuka. Ulimfikia. Akageuka.

"Ablatifu!"

Mnakumbuka kwamba ndilo jina mlilonipa shuleni, kwa kuwa hali hiyo ya sarufi ya Kilatini niliipenda kuliko chakula. Alilitamka kwa ukelele wa mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, na kila ndege aliyekuwa karibu aliruka.

Alinikumbatia. Kisha alinitazama kinywani kwa muda, nikisema hili na lile, akatikisa kichwa. Alichukua kaa la moto lililozimika, akaniwekea kasia magotini. Hivyo ndivyo tulivyozungumza siku zote nilizokaa huko: mimi niliandika kwa mkaa juu ya bapa la kasia, yeye akasoma na kunijibu kwa kupaza sauti, kisha akalichovya kasia ziwani, na maji yakaondoka na maneno yangu. Sentensi yangu ya kwanza ilifika mpaka kwenye mpini kabla haijapata kitenzi chake kikuu.

"Andika mufupi, Ablatifu! Kasia haiko kitabu!"

Niliandika: *Rafiki zako wanauliza.*

Alisoma. Aliliosha kasia polepole kuliko ilivyohitajika.

"Ubaambie Numbi iko muzima, anakula samaki. Basi."

*Basi nini?*

"Minyi nilikuwa nabapa sauti. Sauti iliisha. Sasa nitabapa nini? Batakuwa banatuma 'pole Numbi, pole Numbi', kila siku ya Mungu. Sitaki. Umekuya, nimekuona, niko na furaha. Inatosha."

Nilikuwa nimeandaa hoja kadhaa ndani ya mtumbwi, zimepangika vizuri, na hakuna iliyoenea juu ya kasia. Niliketi pale kisiwa kikipumua chini yetu, nikiona jinsi jambo lilivyo: nimempata akiwa hai, na ninakaribia kumpoteza akiwa hai vilevile. Ndipo nilipokumbuka ugomvi wenu, Monga na Kyungu, ule wa mlio wa mwisho aliowahi kututumia. Nikaandika, bila matumaini, habari hiyo tu.

*Monga anasema ule mlio wa pa! pa! ni mdiria anapiga mbizi. Kyungu anasema ni kasia. Hawasemezani.*

Numbi alisoma. Akasoma tena. Akasimama, kisiwa kikayumba.

"Ndege? Monga alisoma wapi, uyu? Ndege inapigaka mara mbili? Na Kyungu, muntu ya ziwa Tanganyika, hajue kasia? Ni mukia ya kambale! Iko natafuta hewa mu mafunjo, inapiga, inapiga! Bantu bazima, na vyeti!"

*Kwa hiyo nani ameshinda?*

"Hakuna! Wote bajinga!" Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamshuka. "Na Ngoie? Ngoie alisema nini?"

*Ngoie anasema mlio ule ni wa wapenzi.*

Alicheka mpaka Kabange, aliyekuwa anasafisha samaki upande wa pili, akaja kuona kama kuna mtu ameanguka majini. Numbi aliniamuru nimweleze kila kitu: meno ya Kyungu, nyumba ya Monga isiyokwisha kujengwa, kama jikoni mwa Ngoie kuna dirisha. Tuliandika na kuosha mpaka mkaa ukaisha, tukachukua mwingine. Ziwa lile sasa linazijua habari zenu zote.

Nilikaa huko mpaka nikaacha kuvaa viatu. Nilivuta nyavu vibaya, nikafundishwa, nikavuta vibaya kidogo. Nililala kwenye kibanda cha mafunjo, juu ya ardhi inayopanda na kushuka kama kifua, na usingizi ulinijia mapema na kunishika mpaka umande ulipokuwa umelowesha blanketi. Asubuhi niliukanyaga. Una ubaridi wa namna mbili: ule wa kwanza wa kushtua, na wa pili, unaokuja baada ya hatua chache, ambao mguu unautafuta. Katika aya yangu niliandika mmoja tu, nimesahihisha.

Kurudi

Siku ya kuondoka, kabla ukungu haujainuka, Numbi alininyooshea mkono akitaka simu yangu, kwa kuwa yake ilikuwa imelowa na kufa zamani. Kwanza alitoa masharti, kwa sauti iliyofika ng'ambo.

"Ubaambie baandike. Siku ya soko niko nafika Sanga, nitasoma kule, mu simu ya Mama Kalumba. Lakini murefu! Ile mistari mbili ya kusema 'sava, na weye?' iko ya bantu ya kuuzisha mafuta. Na muntu asiniambie pole."

Niliandika: *Nitawaambia.* Aliliosha kasia, akaliweka kando.

Kisha aliingia kwenye mtumbwi, akapiga magoti kwenye ncha yake, akainyoosha simu juu ya maji kama alivyozoea. Lakini hakuyatazama maji. Alinitazama mimi. Alikuwa ameyakaza macho usoni pangu, na nikaelewa kwamba analisikiliza ziwa pale, kwenye nyusi zangu na pembe za kinywa changu. Sikujua kamwe kwamba uso wangu unaweza kuwa na kazi kama hiyo. Nilijitahidi uso huo usiseme uongo. Vyura waliponyamaza ghafla, aliona. Kambale alipopiga mkia, aliona, akanyanyua kidole, kana kwamba anawaambia ninyi, Monga na Kyungu: hiyo, sikieni, hiyo.

Niliwatumia mara tu mtumbwi uliporudi kwenye mtandao pale Sanga. Mmeshasikia, na wote watatu mmeniuliza kuhusu mwisho wake, pale sauti ya Numbi inapouliza, kubwa mno, "Ilishaisha?", na hakuna anayemjibu, na kimya kinaendelea muda mrefu mpaka mnapodhani rekodi imekatika. Haikukatika. Nilimjibu kwa kichwa. Nilikitikisa mara moja, kumwambia hapana, naye akaushikilia mkono wake palepale juu ya maji, kwa sababu ziwa lilikuwa bado linasema.